Deni Lililo Juu ya Vichwa Vyetu

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia nyumba zetu kuwa mahali pa kutulia, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, suala tutakalo kulitazama katika kurasa hizi ni dogo kwa sura yake, na huenda msomaji akastaajabu kuliona limeandikiwa kijitabu. Suala lenyewe ni hili: paa la nyumba likichakaa likawa halina budi kuezuliwa na kuezekwa upya, ni nani apaswaye kuilipa gharama yake? Je, ni yule ambaye siku lilipoanguka ndiye aliyekuwa chini yake, au ni wote waliopata kulala chini yake tangu siku lilipoezekwa? Wengi watasema kwamba hili ni jambo la mafundi na wenye nyumba, wala halihusu dini. Nami nilikuwa nikidhani hivyo hivyo, hatta yakanifika nitakayoyaeleza mbele, ndipo nikajua kwamba katika jambo hili mna amana, na mna dhuluma, na mna mali ya mayatima.

Paa na adui zake

Kwanza na tujue paa huliwa na nini. Sisi watu wa pwani, tukitajiwa adui wa nyumba, moyo wetu hukimbilia dhoruba. Twakumbuka kimbunga kilichopiga Unguja mwezi wa Aprili mwaka 1872, kikaing'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Twakumbuka kimbunga kilichopiga Lindi mwezi wa Aprili mwaka 1952, na kile kilichoitwa Hidaya kilichofika Mafia mwezi wa Mei mwaka 2024. Lakini ihesabu miaka iliyo baina ya hivyo. Mtu aweza kuzaliwa katika mji wetu, akaoa, akazaa, akawaona wajukuu, kisha akafa pasipo kuona kimbunga hatta kimoja. Na katika umri huo paa lake likawa limekwisha mara nane.

Adui wa kweli ni wale wasiokuwa na kelele, nao ni jua na mvua na chumvi. Paa la makuti jua hulikausha hatta majani yakawa mepesi kukatika, na masika hulinywesha maji hatta likaoza, na panya na mchwa wakamaliza yaliyobaki. Makuti yaliyoshonwa vyema, yakapangwa kwa kubanana juu ya paa lenye mwinamo mkali ili maji yakimbie, huweza kukaa miaka sita au saba, na pengine zaidi. Makuti machache yaliyotandazwa juu ya paa lililolala hayafiki hapo, kwani maji hukaa juu yake kama mgeni asiyejua kuondoka.

Ama bati, wengi wetu twaliona kuwa ni salama ya milele, na kumbe si hivyo. Bati ni chuma kilichopakwa zinki, na hiyo zinki kazi yake ni kuliwa yenyewe kwanza ili chuma kisiliwe. Mbali na bahari huliwa polepole, lakini karibu na bahari upepo wa kusi na wa kaskazi huleta chumvi usiku na mchana, na zinki ikamalizika mapema. Kutu huanza kwenye matundu ya misumari na kwenye kingo zilizokatwa, yaani mahali pale ambapo mwenye nyumba haoni isipokuwa apande juu. Na bati jembamba, ambalo ndilo rahisi dukani, ndilo linalokwisha upesi.

Ama nyumba zetu za mawe, za Lamu na Mombasa na Unguja, paa lake la asili ni sakafu: boriti za mikoko hulazwa kutoka ukuta hatta ukuta, juu yake hupangwa mawe ya matumbawe, kisha humwagwa chokaa na kokoto na kutwangwa kwa siku nyingi mpaka ikashikamana. Sakafu ya namna hii hukaa miaka mingi sana, lakini kwa sharti moja, nalo ni kwamba kila ufa uzibwe ungali mdogo. Ufa ukiachwa, maji hushuka kwenye ncha ya boriti iliyo ndani ya ukuta, mahali pasipo jua wala upepo, na boriti ikaoza bila ya mtu kujua. Na mwenye haraka huziba kwa saruji, akaona pamekuwa pakavu. Lakini saruji huyafungia maji ndani ya matumbawe na chokaa yasipate kutoka, na juu paonekane pazima huku chini pakioza.

Na ajabu ni wingi wa maji yenyewe. Mombasa hupata mvua ya kadiri ya milimita 1,000 kwa mwaka, na Unguja hupata zaidi ya hiyo. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi nyumba ya Mombasa yenye paa la mita za mraba 100 hupokea juu yake kadiri ya lita 100,000 kila mwaka, na hapana hatta moja katika hizo isiyotafuta tundu la kushukia.

Hesabu ya kila siku

Haya nimeyaeleza ili ipate kufahamika kwamba paa haliharibiki siku lianguapo. Huharibika kila siku kidogo kidogo, tangu siku ya kwanza fundi aliposhuka ngazini. Na likiwa laharibika kila siku, basi na gharama yake huzaliwa kila siku.

Tupige mfano. Tuseme paa la makuti lagharimu shilingi 120,000, na kwamba litakaa miaka 6. Hiyo ni shilingi 20,000 kwa mwaka, na kwa siku moja hazifiki shilingi 55. Mwenye nyumba aamkapo asubuhi, akiwa mkavu yeye na watoto wake, amekwisha kula shilingi 55 za paa lake, ijapokuwa hakutoa kitu mkononi. Kesho hula nyingine, na kesho kutwa nyingine. Kisha ukafika mwaka wa sita, maji yakashuka juu ya godoro, naye akapiga kelele, "Msiba gani huu ulionishukia!" Msiba haukumshukia. Ni deni alilokuwa akilila kwa miaka sita, na leo limekuja kudai.

Na tuseme paa la bati nene lagharimu shilingi 300,000, nalo likae miaka 20. Hiyo ni shilingi 15,000 kwa mwaka. Basi bati, ambalo bei yake ni zaidi ya mara mbili ya makuti, kwa mwaka ni rahisi kuliko makuti. Lakini ni nani awezaye kuzitoa shilingi 300,000 kwa pamoja? Ni mwenye nazo. Asiyekuwa nazo hununua kilicho rahisi, akakinunua tena, na tena, hatta mwisho wa umri wake amelipa zaidi kuliko tajiri kwa paa lililo duni kuliko la tajiri. Neno hili tutalirudia.

Yaliyotufika sisi

Babu yetu aliacha nyumba ya mawe ya dari moja, chini yake pana duka lililokodishwa. Warithi wake walikuwa wawili, baba yetu na dada yake, yaani shangazi yetu. Nyumba haikugawanywa. Shangazi alikaa juu, na akaridhia makao hayo yawe badala ya fungu lake la kodi. Baba alipofariki, na mama yetu akiwa amekwisha tangulia mbele ya haki, fungu lake likawa letu sisi ndugu wanne. Kila mwisho wa mwezi tulikuwa tukichukua kodi ya duka na kuigawa mafungu manne, na kila mmoja akaenda zake. Tulifanya hivyo kwa miaka 14. Katika miaka hiyo yote hapana hatta mmoja wetu aliyepanda juu ya sakafu kuitazama.

Katika mwaka wa kumi na moja mmoja wetu alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaacha watoto wadogo. Fungu lake la kodi likawa lapelekwa kwao, na mama yao alikuwa akinunulia unga na kulipia chuo.

Masika ya mwaka wa kumi na nne, usiku, boriti tatu zilikatika na nusu ya sakafu ya chumba cha shangazi ikaanguka. Yeye alisalimika, kwani kitanda chake kilikuwa katika pembe nyingine. Tulipomshukuru Mwenyezi Mungu kwa jambo hilo, mtumishi wake alituambia kwamba kitanda hicho kilikuwa kimekwisha hama pembe tatu katika miaka mitatu, kila mvujo ulipokifuata. Na kwamba shangazi alimkataza asitueleze, akisema kwamba vijana wana majukumu yao.

Fundi akaja, akataja bei. Tukakaa barazani kugawana gharama kama tulivyozoea kugawana kodi. Mmoja wetu akasema kwamba jambo ni wazi: kila mwenye fungu katika nyumba alipe kwa kadiri ya fungu lake, shangazi theluthi moja, na theluthi mbili zigawanywe baina yetu watatu na watoto wa marehemu. Kwa hesabu hapana kosa. Mimi nami nilisema ndiyo, na hilo naliandika ili msomaji asidhani kwamba niliyaona haya tangu mwanzo.

Shangazi alitoka ndani na bangili zake ndani ya kitambaa, akaziweka mbele yetu kuwa ndizo theluthi yake. Kisha akauliza neno moja tu. "Wanangu," alisema, "marehemu ndugu yenu alikula kodi miaka kumi na moja, na watoto wake wamekula miaka mitatu. Sasa hawa watoto mwawatoza iliyoliwa na nani?"

Hatukuwa na jibu. Usiku ule nilipiga hesabu, nikaona kwamba lau tungaliondoa sehemu moja katika tano ya kila kodi kabla ya kuigawa, tungalikuwa na fedha za kuitengeneza sakafu yote na baki ingalikuwako. Basi ile sehemu ya tano haikuwa yetu hatta siku moja. Ilikuwa ni mali ya nyumba, nasi tukaila. Na yule mwanamke, ambaye katika miaka 14 hakutwaa hatta senti moja ya kodi, ndiye aliyelala chini ya shimo tulilolila sisi.

Wasemavyo wanavyuoni

Niliporudi katika vitabu nikaona kwamba wazee wetu wa elimu walikwisha kulitazama jambo hili zamani. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), katika kitabu chake cha Minhaj, ambacho wanavyuoni wa pwani yetu wamekisoma na kukifundisha vizazi kwa vizazi, ameeleza katika mlango wa ijara kwamba kuitengeneza nyumba iliyokodishwa ni juu ya mwenye nyumba, na asipoitengeneza basi mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba. Kisha akataja jambo ambalo mwanafunzi wa pwani hulisoma akacheka, nalo ni theluji: kuiondoa theluji iliyo juu ya paa ni juu ya mwenye nyumba, na kuisafisha iliyo uani ni juu ya mpangaji. Imamu Nawawi alikuwa mtu wa Sham, na huko theluji huanguka ikalemea mapaa. Sisi hatuna theluji. Lakini ambaye ameifahamu maana yake ajua kwamba chumvi yetu na masika yetu ndiyo theluji yetu: kila mji Mungu ameupa kitu kinachoshuka juu ya mapaa yake, na sharia imekwisha kusema ni nani wa kupanda kukiondoa.

Na katika mlango wa wakfu, wanavyuoni walipoeleza kazi za msimamizi, walitaja kuitengeneza mali ya wakfu na kuikodisha na kukusanya pato lake, kisha mwisho wakataja kuligawanya. Na matengenezo, ikiwa mwenye kuweka wakfu hakuyapangia njia nyingine, hutoka katika pato lenyewe. Kwa hivyo pato halimfikii mstahiki ila nyumba imekwisha kupata haki yake. Msimamizi anayegawa kodi yote kila Ramadhani, akasifiwa kwa ukarimu, na boriti zikawa zaoza, huyo hagawi pato. Agawa wakfu wenyewe, jiwe kwa jiwe, mpaka siku moja ukawa ni kiwanja kitupu.

Lakini katika nyumba ya shirika, kama ilivyokuwa yetu, kuna neno lingine la kuzingatiwa. Kauli iliyotegemewa katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba mshirika halazimishwi kujenga pamoja na mwenziwe. Basi lau shangazi angalikwenda kwa kadhi miaka ile ya kuhamisha kitanda, huenda asingalipata hukumu ya kutulazimisha. Wako watu ambao wakilisikia hili hufurahi, wakaona wamepata mlango wa kutokea. Nami nasema kwamba mlango huo ndio wa kuogopwa zaidi. Kadhi huhukumu lililo dhahiri, na kazi yake ina mpaka. Pale ambapo kadhi hatulazimishi ndipo tunapopimwa kama sisi ni watu wa namna gani, kwani hapo aliyebaki kutuona ni Mmoja.

Na kwa jambo la mayatima Mwenyezi Mungu ametupa kisa kilicho wazi katika Sura ya Kahf. Nabii Musa na mwenziwe, ambaye wanavyuoni wamemtaja kuwa ni Khidhri, waliingia mji mmoja wakaomba chakula, na watu wake wakakataa kuwakaribisha. Wakaona humo ukuta unaotaka kuanguka. Khidhri akausimamisha, wala hakutaka ujira. Nabii Musa alipostaajabu, akaelezwa kwamba ukuta ule ulikuwa wa mayatima wawili, na chini yake mna hazina yao, na baba yao alikuwa mtu mwema. Ewe msomaji, tazama mambo matatu. Ukuta ulitengenezwa kabla haujaanguka. Waliofaidika walikuwa watoto ambao hawakujua hatta kwamba kuna kilichotengenezwa. Na aliyeifanya kazi hakudaiwa na mtu, naye hakungoja kudaiwa. Sisi tulifanya kinyume katika yote matatu: tulingoja mpaka ikaanguka, tukawatoza watoto, na tukataka kila mtu aonyeshwe deni lake kwa maandishi ndipo atoe.

Majibu ya wenye udhuru

Wako wasemao kwamba dunia ni nyumba ya kupita, na mwenye akili hashughuliki na kupamba mahali pa kupita. Neno hili ni la kweli, lakini wamelitia pasipo mahali pake. Kuijenga nyumba kwa fahari ili majirani wapate kuinua vichwa ni jambo moja, na kuziba tundu linalomlowesha mtoto mgonjwa ni jambo jingine. Mtu akitaka kuipa dunia mgongo, na aanze kwa godoro lake mwenyewe, asianze kwa godoro la mkewe na la mpangaji wake.

Wako wasemao kwamba rizki ya kesho iko kwa Mungu, na kuweka akiba ya paa la miaka sita ijayo ni uchache wa tawakali. Hawa na washuke pwani. Nahodha hupandisha jahazi lake mchangani, akalikalafati na kulipaka shahamu, na mvuvi hukaa kutwa akishona nyavu zake. Wala hapana mtu amwambiaye hatta mmoja wao kwamba imani yake ni dhaifu. Kwa nini basi tawakali ya baharini iwe na kalafati, na tawakali ya nyumbani iwe na beseni chini ya mvujo?

Na wako wasiosema neno, ila hutenda. Ikija arusi hukopa, wakachinja, wakalisha mji mzima siku tatu chini ya turubai lililokodiwa, na nyuma ya turubai hilo paa la nyumba ya bwana arusi lina matundu. Sina haja ya kuharimisha furaha. Nauliza tu: wageni watakapokwisha kwenda zao, bi arusi atalala wapi masika yatakapokuja?

Wala tusidhani kwamba uchelevu huu ni wa watu wadogo peke yao. Jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sayyid Barghash bin Said huko Unguja mwaka 1883, lilikuwa ni fahari ya pwani yote. Tarehe 25 Disemba mwaka 2020, na huku matengenezo yakiendelea, sehemu yake kubwa ilianguka na watu wawili wakafa. Sisi si wa kuhukumu kosa lilikuwa la nani. Lakini kila aliyepita Forodhani aliona kwamba nyumba ikidhoofika miaka mingi, hatta siku ya kuitengeneza huwa ni siku ya hatari, na anayelipa aweza kuwa ni kibarua aliyekuja kutafuta riziki yake.

Asiye na kitu

Sasa na turudi kwa yule tuliyemwacha, maskini anunuaye paa rahisi mara nyingi. Huyu hana kosa la uvivu. Ajua vyema kwamba bati nene ni bora, lakini mkono wake haufiki. Njia iliyo karibu naye leo ni mkopo wenye riba, na riba ni haramu. Tena, hatta ukiiacha hukumu, ni tundu jingine juu ya kichwa chake, linalovuja kiangazi na masika.

Wajibu wake waondoka juu yake na kutua juu yetu. Wanavyuoni walipoeleza haja za fakiri na maskini, ambao ni katika watu wanane wa zaka waliotajwa katika Sura ya Tauba, walitaja chakula na mavazi na makao. Basi paa la maskini lina haki katika zaka zetu, na tajiri agawaye zaka yake noti moja moja mlangoni, asubuhi zikaisha na jioni umaskini ukabaki pale pale, na afikiri kama si bora kuwaezekea watu wawili paa la miaka ishirini. Na asiyefikia zaka aweza kutoa karadha njema isiyo na faida. Na asiye na fedha ana mikono. Wazee wetu walikuwa wakiezeka kwa kushirikiana: leo kwa fulani, kesho kwa fulani, mwenye nyumba hupika na majirani hupanda. Na upatu ambao wake zetu huucheza kwa kununua vyombo na vitambaa, hapana kizuizi cha kuufanya kuwa ni upatu wa mapaa, watu kumi wakachanga na kila zamu nyumba moja ikaezekwa. Sharti ni kwamba kila mmoja atoe sawa na apate sawa, na asiwepo wa kuongezwa juu ya haki yake.

Na misikiti yetu nayo na itazamwe kwa insafu. Ni jambo jema kupaka rangi mnara. Lakini ikiwa ukuta wa msikiti wapakana na nyumba ya mjane ivujayo, na sisi twapita mlangoni pake mara tano kwa siku, basi jirani huyo atakuwa na neno la kusema juu yetu.

Khatima

Sitaki kumwacha msomaji pasipo kumweleza mwisho wa kisa chetu. Bangili tulimrudishia mwenyewe. Fungu la mayatima na fungu la shangazi tuliyabeba sisi watatu, kwani sisi ndio tuliokula na tungali hai. Sisemi haya ili tusifiwe. Tulitoa kwa uzito, na mmoja wetu ilimpasa auze chombo chake cha uvuvi, na hatta leo yapo maneno baina yetu yasiyokwisha. Ama marehemu ndugu yetu, twamuombea Mungu amsamehe, naye hakujua. Lakini sisi twajua, na ndio maana nimeandika. Tangu siku ile sehemu moja katika tano ya kodi huondolewa kabla ya mtu yeyote kutia mkono, na ina daftari lake.

Basi jawabu la suala tuliloanza nalo ni hili. Anayepaswa kulipa paa ni yule anayelila, na aanze kulipa siku ile ile anapolila. Mwenye nyumba na aweke kila mwezi kitu, kiwe kidogo. Mwenye kodi na aondoe haki ya nyumba kabla ya kuiita kodi kuwa ni yake. Msimamizi wa wakfu na apande juu kwa miguu yake kila mwaka katika kiangazi, kabla ya masika, wala asitosheke na kuambiwa. Walii wa mayatima na ajue kwamba tundu dogo aliachalo leo atalikabidhi kwao likiwa shimo. Na kila mmoja wetu, aandikapo wasia wake na kutaja anayodaiwa na watu, na ainue macho atazame dari, ajiulize kama hapana deni jingine ambalo hakuliandika.

Kisha na tuwaulize walio chini ya mapaa yetu, hasa wale wenye haya, kitanda chao kiko pembe gani. Huenda wakatuambia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyala pasipo kujua, na atupe nguvu ya kulipa kabla ya kudaiwa, na awahifadhi mayatima na wajane wetu katika masika na kiangazi. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Wabillahi t-taufiq.